Ampu iwake usiku kucha au izimwe?

Wateja wengi wanaoniletea ampu (amplifaya, mashine ya kukuza sauti ya muziki) hapa Kondele, Kisumu, huuliza swali hilo. Izime ukienda kulala. Kuiwasha mara moja au mbili kwa siku hakuiui. Kinachoiua ni joto, na stima inayorudi kwa nguvu baada ya kupotea.

Hatua ya 1. Pima inakula kiasi gani ikiwa kimya. Zima kila kitu nyumbani, friji pia, ubakishe ampu bila muziki. Tazama taa inayomwekamweka kwenye mita ya tokeni. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani mimweko 1000 kwa yuniti moja, mmweko mmoja kila sekunde 90 ni wati 40. Wati 40 mchana na usiku kwa siku 30 ni karibu yuniti 29, na hujasikiliza wimbo hata mmoja! Ampu za daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, hula wati chache tu zikiwa kimya, kwa hivyo pima, usikisie.

Hatua ya 2. Gusa kifuniko uone kama kina joto. Ndani kuna kapasita, vile vikopo vyenye majimaji ya kemikali, na kwa kawaida joto likipanda nyuzi 10 umri wake hupungua kwa nusu. Nikifungua ampu isiyozimwa nakuta vichwa vya kapasita vimevimba, pembeni pana utomvu wa kahawia, na mende waliofuata joto wamekaukia kwenye bodi. Kile kitambaa cha kufuma kilicho juu yake kiondoe leo. Kinaziba matundu ya hewa. Ampu ya valvu, zile chupa za kioo zinazong'aa ndani, usiiache ikiwaka bure hata kidogo, maana valvu huchakaa kila saa inapowaka.

Hatua ya 3. Ukiwasha, anza na dekoda au DVD, ampu iwe ya mwisho. Ukizima, ampu kwanza. Ukigeuza mpangilio, ule mshindo wa "dub!" unaipiga spika moja kwa moja.

Hatua ya 4. Stima ikipotea, zima kwenye soketi papo hapo. Ikirudi, subiri dakika tano hivi. Mvua ya radi ikianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa plagi kabisa, na waya wa antena pia. Swichi nyingi za ukutani hukata waya mmoja tu, na radi huruka pengo lile bila shida.

Ukitoka kwenda dukani nusu saa, iache, isipokuwa ya valvu. Ukienda ushago wikendi, chomoa.