SOMO: Kuandaa Impreza STI (GDB) kwa siku ya uwanjani, kabla hujaigusa turbo

Wadau, habari za leo.

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Mkuu, nina STI, nataka kuipeleka uwanjani, niweke turbo gani?" Jibu langu halibadiliki. Turbo iliyomo inatosha. Nimeamua kuandika yote hapa mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze kwenye ukurasa huu.

Gari ninalolizungumzia ni Impreza WRX STI, umbo la GDB, injini EJ207 ya lita 2.0, kalipa (vibanio vya pedi za breki) za Brembo zenye pistoni nne mbele na mbili nyuma. Ndilo langu, la mwaka 2003, na ninalikimbiza WhistlingMorans, uwanja wa mbio za magari pale Athi River. Mwenye WRX ya kawaida, Forester ya turbo au Legacy GT mengi yatamfaa, ila breki zake zinaweza kuwa tofauti na hizi.

1. Mkanda wa taimingi. Kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

2. Uvujaji. Pandisha gari, ingia chini na tochi. Oili yako ikidondoka kwenye kona, anayeteleza ni wa nyuma yako.

3. Pedi. Za barabarani zinaishiwa nguvu baada ya mizunguko michache. Nunua pedi za uwanjani, halafu uzizoeze: kimbia hadi 100, kamata breki kwa nguvu hadi 20, rudia mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha tembea taratibu mpaka zipoe.

4. Mafuta ya breki na kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mfumo wa breki. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea na ningeweza kuumia.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, na kadiri maji yanavyoingia ndivyo yanavyochemka mapema. DOT 4 ikiwa mpya lazima ivumilie angalau digrii 230. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Ya mashindano, mfano Motul RBF 600, mpya inafika 312. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga pedeli, inabana mvuke, na pedi hazisogei.

Mara yangu ya kwanza nilinunua mafuta mapya, chupa haijafunguliwa. Mdogo wangu akakaa ndani anakanyaga, mimi nje na spana na mpira wa uwazi. Magurudumu yote manne, mafuta safi yakatoka, pedeli ikawa ngumu. Nikateremka Mombasa Road asubuhi nikiwa na amani. Mzunguko wa nne, mwisho wa sehemu iliyonyooka, nikakanyaga na pedeli ikashuka hadi kwenye zulia. Nikapampu mara mbili, nikashusha gia, nikaliacha gari litoke nje kwenye vumbi mpaka likasimama lenyewe. Gurudumu la mbele kulia lilikuwa linatoa moshi, na mikono yangu ilitetemeka hadi nikashindwa kufungua mkanda.

Kosa lilikuwa hili: kila kalipa ya Brembo ya gari hili ina niplo (skrubu ya kutolea upepo) MBILI, ya nje na ya ndani. Mimi nilifungua za nje tu. Nusu ya ndani ya kila kalipa ilibaki na mafuta ya zamani, ya miaka sijui mingapi. Nilipozifungua jioni ile, yalitoka meusi kama chai ya rangi. Hayo ndiyo yaliyochemka.

Kwa hiyo niplo ni nane, si nne. Hesabu kwa sauti ukitaka. Mpangilio ninaofuata ni mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, na kila kalipa naanza niplo ya nje kisha ya ndani. Usiliache kopo la juu la mafuta ya breki likauke katikati ya kazi. Likivuta hewa, unaanza upya. Chupa iliyokaa wazi miezi kadhaa kwenye rafu itupe, hata ikiwa imejaa. Yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji papo hapo, maana yanaila. Na kabla ya kila siku ya uwanjani toa upepo tena, hata kama mwezi uliopita ulitoa.

5. Oili. Ndani ya sampu (karai la oili chini ya injini) kuna mrija wa kunyonyea oili. Kwenye injini za EJ maungio yake yanajulikana kwa kupata ufa. Ukipasuka, pampu inavuta hewa na beringi za konrodi zinakwenda. Sampu ikishuka kwa sababu yoyote, weka mrija ulioimarishwa. Silinda za injini hii zimelala ubavu, kwa hiyo kwenye kona ndefu oili inakimbilia kichwa cha upande mmoja na kuchelewa kurudi. Anza siku kijiti kikisoma alama ya juu kabisa, na kisome tena kila unapotoka uwanjani.

6. Joto. Intakula (kipoza hewa ya turbo) iko juu ya injini, inapata upepo wa tundu la boneti gari linapotembea tu. Ukisimama kwenye foleni ya kuingia, inapikwa. Kimbia mizunguko miwili au mitatu, poza mmoja. Rejeta safi, kizibo kizima.

7. Tairi na alaimenti. Kemba (mlalo wa gurudumu) ya mbele digrii 2.5 hadi 3, juu ikielekea ndani, too (mwelekeo wa ncha za mbele za magurudumu) sifuri. Pima upepo tairi zikiwa moto, kwa geji yako mwenyewe.

8. Nguvu. Mwisho kabisa. Gari la Japani liliandaliwa kwa petroli ya oktani 98 hadi 100, na ya vituoni kwetu iko chini ya hapo. Kwa hiyo hata kabla ya kuongeza chochote, lituniwe kwa petroli unayotumia kweli, na mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli anayesikiliza injini ikigonga. Kile kivalvu cha kuongeza busti (mgandamizo wa hewa ya turbo) kwa mkono kinachouzwa rahisi, kiache dukani.

Ukitoka uwanjani: mzunguko mzima wa kupoza, usivute hendibreki breki zikiwa moto (weka gia na kabari), acha injini iunguruke dakika moja au mbili, kisha kaza nati za magurudumu kwa spana ya torki.

Maswali karibuni.

---

Mdau, Thika: Somo zuri mkuu. Sasa kwa GDB unashauri turbo gani?

Mwandishi: Aya ya kwanza.

Mdau, Thika: Nimeisoma, ila mimi nataka nguvu zaidi, breki zangu ni nzima.

Mwandishi: Niplo ngapi ulifungua mara ya mwisho?

Mdau, Thika: Fundi ndiye anajua.

Mwandishi: Mpigie. Akikwambia nne, usiende.

Mdau, Mombasa: Kaka, shikamoo na asante. Nina swali la elimu tu. Nikipanda Nairobi na gari langu geji ya busti inasoma karibu sawa na nyumbani, lakini gari ni zito kuamka. Kwa nini?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri sana hili, na linahusu turbo yenyewe. Geji nyingi zinasoma tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa ya nje. Kwako baharini hewa ya nje ni kama bari 1.01. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, ni kama 0.83. Geji ikisoma bari 1 Mombasa, turbo imeibana hewa mara mbili. Geji ikisoma bari 1 Nairobi, imeibana mara 2.2, na bado jumla ndani ya injini ni 1.83 badala ya 2.01. Ukitaka ile 2.01 ukiwa Nairobi, lazima ibane mara 2.4. Maana yake turbo inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka moto zaidi, na inachukua muda zaidi kufika. Huo ndio uzito unaousikia. Hewa hiyo nyepesi pia inapoza breki na intakula kidogo kuliko ya kwenu. Ndiyo maana simwachi mtu wa huku aongeze busti kwa kunakili namba za mtu wa pwani.

Mdau, Mombasa: Nimeelewa kabisa. Kwa hiyo nikituniwa huko juu nikarudi chini?

Mwandishi: Mwambie anayetuni kwamba gari linaishi Mombasa, na ukifika nyumbani muwashe tena kipimo pamoja. Usikanyage hadi mwisho kabla ya hapo.

Mdau, Nakuru: Mimi nimeweka DOT 5 kwa sababu namba ni kubwa kuliko 4. Hujaitaja, labda hujaifahamu.

Mwandishi: Naifahamu. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na DOT 3, 4 wala 5.1. Namba si cheo. Kama umeimwagia juu ya ile ya zamani, gari lisitembee mpaka mfumo wote usafishwe.

Mdau, Nakuru: Mbona unajibu kwa ukali, nimeendesha wiki mbili sijaona tatizo.

Mwandishi: Mimi niliendesha hadi Athi River sikuona tatizo. Naandika hivi kwa sababu pedeli imenishukia mguuni. Lisafishe, ndugu yangu.

Mdau, Dar es Salaam: Mkuu heshima yako. Nina WRX, nimepata Brembo za mtumba kutoka Japani, nimefunga na pedi mpya. Tumetoa upepo siku tatu, chupa tatu zimeisha, pedeli bado laini kama sponji. Fundi anasema masta silinda (pampu kuu ya breki) imekufa. Ninunue?

Mwandishi: Subiri, usinunue kitu. Nenda kwenye gari sasa hivi, uchungulie kalipa za mbele. Niplo zimeelekea juu au chini?

Mdau, Dar es Salaam: Nimerudi. Ziko chini. Zote.

Mwandishi: Basi ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia bila shida yoyote, ndiyo maana watu wengi hukosea. Hewa inapanda juu, niplo iko chini, kwa hiyo mtatoa mafuta mpaka mwaka ukatike na hewa haitoki. Zibadilishane pande, toeni upepo niplo zote. Masta silinda iacheni kwanza.

Mdau, Dubai: Salamu kutoka huku. Autodrome yetu kiangazi ni tanuri, intakula inachoka mzunguko wa pili. STI yangu ina kitufe cha kunyunyizia maji, kinasaidia au ni pambo?

Mwandishi: Kinasaidia. Tangi lake liko kwenye buti, hakikisha lina maji safi, na upime kama yanatoka kweli, kwa sababu midomo ya kunyunyizia huziba. Nyunyizia ukiwa unaingia sehemu iliyonyooka, maji yaondoke na joto kwa upepo. Ukiwa umesimama unapoteza maji bure. Na kwa joto la huko, kaa nje kipindi cha mchana kabisa, chukua cha asubuhi.

Mdau, Arusha: Kaka mimi ni mgeni, nitakuja kwenu na Forester ya turbo, ya 2004, sijabadili kitu. Nitakuwa kero kwa wengine?

Mwandishi: Dada, karibu sana. Pedi, mafuta ya breki, oili mpaka alama ya juu, kofia ngumu, mikono mirefu. Toa kila kitu garini, pamoja na jeki na zulia la dereva. Zulia likiteleza chini ya pedeli ni hatari ile ile niliyoieleza. Ukipitwa, shika mstari wako, anayepita ndiye atafute njia. Nitakaa nawe kiti cha abiria mizunguko ya kwanza kama waandaaji wataruhusu.

Mdau, Arusha: Asante. Kalamu ya kuweka alama kwenye nati za magurudumu nimeona watu wanatumia, ni ya nini?

Mwandishi: Unakaza nati, unachora mstari mmoja unaopita kwenye nati hadi kwenye rimu. Nati ikilegea mistari inaachana, unaiona kwa macho tu. Kalamu nyeupe ya rangi, duka lolote la vifaa vya shule.

Mdau, Dar es Salaam: Mkuu, tumebadilisha pande. Chupa nusu tu. Pedeli ni jiwe. Fundi anakusalimia na anauliza rimu zangu za inchi 16 zitaingia?

Mwandishi: Salamu zake zimefika. Haziingii, Brembo hizo zinataka 17. Na kabla ya kununua pima nafasi za stadi: STI za kabla ya 2005 ni 5x100 (stadi tano kwenye duara la milimita 100), kuanzia hapo ni 5x114.3. WRX yako ni 5x100.