Gemu ya wawili ikirudi upya: ijaribu kibandani kabla ya kusema imeharibiwa

Gemu ya zamani ya kucheza wawili upande mmoja ikitolewa tena ikiwa imesafishwa, maneno kwenye vibanda vya gemu vya Ngamiani, Tanga, huwa yale yale: "pedi haisikii", "mbona giza", "imekuwa mbio sana", "wameiharibu". Sehemu kubwa ya malalamiko hayo haimo kwenye gemu. Imo kwenye TV, kwenye pedi, kwenye waya, au kwenye kumbukumbu ya mchezaji mwenyewe. Maelezo haya ni ya mwenye kibanda anayetaka kujua lipi anaweza kulirekebisha kwa dakika tano na lipi ni la watengenezaji, ili asirudishe gemu nzuri au kuendelea kulipia mbovu.

Mifano hapa ni miwili. Contra, ya Konami, iliyotoka mwaka 1987 na kurudi mwaka 2019 ndani ya Contra Anniversary Collection, ambayo inacheza kwenye PS4. Na Gears of War ya mwaka 2006, iliyorudi Agosti 2025 kwa jina Gears of War: Reloaded na kwa mara ya kwanza ikaingia PS5. Zote mbili zinachezwa na watu wawili kwenye TV moja.

Kabla ya kutoa hela

Soma alama za idadi ya wachezaji kwenye kasha au kwenye ukurasa wa duka. Kuna wachezaji wa mashine moja na kuna wachezaji wa mtandaoni, na hizo ni habari mbili tofauti. Gemu nyingi zinazosifiwa kuwa za kushirikiana ni za mtandaoni tu: kila mtu awe na mashine yake na nakala yake, na kwa kawaida PlayStation inadai ulipie PS Plus, usajili wake wa kucheza mtandaoni. Kibandani hiyo ni hasara tupu.

Angalia pia kama kasha lina diski kweli. Siku hizi kasha linaweza kuwa na karatasi yenye namba ya kupakulia. Hapo hesabu yako inabadilika: ni makumi ya GB, na hata ukiwa na diski kuna sasisho la siku ya kwanza. Pakua usiku baada ya kufunga, kwa kifurushi cha usiku, na usianze wakati LUKU inasoma yuniti mbili.

Kosa la gharama kuliko yote ni la pedi. Pedi ya PS4 inaungana na PS5 bila shida, inawaka taa, inatembeza menyu, halafu ukifungua gemu ya PS5 inakataa kucheza. Kwenye PS5 pedi hiyo inaruhusiwa kwa gemu za PS4 peke yake. Kwa hiyo bei ya Gears kwa kibanda ni gemu pamoja na pedi ya pili ya PS5. Contra ni ya PS4, kwa hiyo pedi za zamani zinatosha.

Ukinunua kwa kupakua, ifanye mashine yako iwe mashine kuu ya akaunti iliyonunua. Kwenye PS4 utaona Activate as Your Primary PS4. Kwenye PS5 ni Console Sharing and Offline Play. Bila hivyo, siku intaneti ikikata, alama ya kufuli inatokea juu ya gemu na wateja wanakutazama. Akaunti moja inakubali PS4 moja na PS5 moja, basi. Anayekuuzia "akaunti yenye gemu 40" ameshaiuzia watu wengine pia, na wa mwisho kuibonyeza ndiye anayecheza.

Anza na TV

"Pedi haisikii" ndilo lalamiko la kwanza na mara nyingi pedi haina kosa. TV za kioo kinene zilichora picha papo hapo. TV bapa inapokea picha, inailainisha, inaiongezea rangi, halafu ndiyo inaionyesha. Kwenye gemu ya fremu (picha) 60 kwa sekunde, kila fremu ni kama milisekunde 17. TV ikichelewa milisekunde 100, umepoteza fremu sita. Contra unaruka risasi imeshafika.

Shika rimoti ya TV, ingia Picture Mode, chagua Game. Kama TV haina, zima kimoja kimoja vitu vya kulainisha mwendo, kupunguza chenga na kuongeza ukali wa picha. Kwenye TV nyingi mpangilio huu unashika kwa tundu moja tu la HDMI, kwa hiyo ukihamisha waya rudia. Na usipitishe sauti kwenye spika ya Bluetooth, maana mlio wa bunduki unafika baada ya adui kuanguka na mtu anaapa kwamba gemu ni nzito.

Kipimo kizuri cha kuchelewa kimo ndani ya Gears yenyewe. Ukibonyeza R1 kujaza risasi, kamstari kanatembea juu ya ufito mdogo pembeni mwa skrini. Ukibonyeza R1 mara ya pili kamstari kakiwa kwenye sehemu nyeupe, bunduki inajaa haraka na risasi zinapata nguvu zaidi. Ukikosea, bunduki inakwama na unasubiri. Mpe mchezaji anayeijua ajaribu mara kumi TV ikiwa kwenye hali ya kawaida, kisha mara kumi kwenye Game. Kama mwanzoni alikuwa anakosa kila anapobonyeza jicho likiona sawa, na sasa anapata, ugomvi umekwisha.

Kuhusu maandishi ya kwenye tangazo: 4K na fremu 120 hazina kazi kwenye TV ya inchi 32 ya HD. Mashine itapunguza picha iendane na TV. Ambalo litakusumbua ni skrini kugawanywa mara mbili. Kila mtu anabaki na nusu, na maandishi yanakuwa madogo kama ya kwenye kopo la dawa. Sogeza viti hadi mita moja au moja na nusu, washa maandishi ya mazungumzo na uyakuze kama gemu inaruhusu. Wawili kwenye inchi 24 ni kuwatesa.

Kingo zikikatika, idadi ya risasi haionekani pembeni, usilaumu gemu. TV imevuta picha. Tafuta kwenye TV mpangilio wa ukubwa wa picha, chagua Just Scan au Screen Fit. Ikishindikana ndipo uende kwenye mashine: PS4 ni Display Area Settings, PS5 ni Adjust Display Area.

Na watu wakionekana wanene kwenye Contra, kuna mtu amevuta picha ijaze TV nzima. Gemu ile ilichorwa kwa TV ya mraba ya 4:3. Rudisha kipimo hicho kwenye mipangilio ya mkusanyiko, na mistari miwili myeusi pembeni iacheni ilivyo. Wateja watalalamika siku mbili, watazoea.

"Mbona imekuwa mbio?"

Hili la Contra linawachanganya hata mafundi, na wanaolisema hawasemi uongo. Mashine nyingi za kaseti zilizouzwa kwa TV zetu za mfumo wa PAL zilitoa picha 50 kwa sekunde. Contra ya nyumbani ilitengenezwa kwa picha 60. Ikiendeshwa kwa 50, kila kitu kinapungua kasi kwa karibu asilimia 17: kuruka, risasi, hata muziki. Aliyeijulia hapo, mkono wake umekariri mwendo wa polepole. Mkusanyiko wa 2019 unamrudishia kasi ya asili na yeye anaona imeharakishwa. Hakuna cha kutengeneza. Mpe mechi chache.

Kuna jambo la pili: ndani ya mkusanyiko zimo Contra zaidi ya moja. Ile ya mashine kubwa za sarafu ina skrini ya wima na michoro tofauti na ile ya kaseti. Mteja akisema "hii siyo Contra yetu", mfungulie ya NES, yaani ile ya kaseti, kabla hujaanza kubishana.

Kwa majaribio tumia ile namba ya siri kwenye ukurasa wa jina: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kitufe cha kupiga, kitufe cha kuruka, Select kwa wachezaji wawili, Start. Kila mmoja anapata roho 30. Hakikisha kwanza kwenye mipangilio kitufe kipi ni cha kupiga na kipi cha kuruka, maana ukivigeuza haikubali. Wateja wanaolipa kwa mechi usiwafundishe. Roho 30 ni kiti kimoja kukaliwa hadi adhana ya magharibi.

Hatua ya kupima ushirikiano ni ya tatu, ya maporomoko. Skrini inapanda na anayetangulia. Aliyebaki chini, ukingo wa skrini ukimpita anakufa, hata kama hakuna adui. Hivyo ndivyo gemu ilivyokuwa tangu zamani. Siyo hitilafu ya toleo jipya. Waambie wapande kwa zamu: mmoja anaruka kipande kimoja, anapiga, anamsubiri mwenzie afike, ndiyo anaruka tena.

Giza la Gears

Gears ni gemu ya giza kwa makusudi, lakini kuna giza la kutoona kabisa. Kwenye sehemu ya pili usiku unaingia na viumbe wadogo wakali wanaoruka kama popo, wanaoitwa Kryll, wanamla yeyote aliye nje ya mwanga. Wachezaji wanatembea kutoka taa hadi taa, na penye mitungi ya gesi wanaipiga iwake. Kama TV inameza rangi za giza, hawaioni mitungi, wanakufa, wanasema gemu haieleweki.

Rekebisha kwa mpangilio huu. Kwanza zima HDR (picha yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza) kwenye mashine: TV nyingi za bei ndogo zinapokea HDR lakini hazina mwanga wa kuionyesha, na picha inapauka au inazama. Pili, angalia RGB Range, kipimo cha kutoka weusi hadi weupe. Mashine ikiwa Full na TV ikiwa Limited, weusi wote unakuwa doa moja. Iweke Automatic, na ikikataa, Limited. Tatu ndipo uguse mwanga wa ndani ya gemu, ukifuata picha ya mfano inayoonyeshwa. Ukianza na la tatu utajikuta unapandisha mwanga mpaka mchana unakuwa mweupe pe.

Ukihamishia mashine TV nyingine na skrini ikabaki nyeusi, zima kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde saba. Unganisha pedi kwa waya na uchague kubadilisha ukubwa wa picha.

Pedi na hewa ya bahari

Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu, na analogi, kile kijiti cha kuelekezea kwenye pedi, inakufa mapema. Dalili ni mtu kutembea peke yake au kamera kuzunguka polepole. Weka pedi mezani, usiiguse, tazama skrini. Ikisogea, badilisha pedi kwanza ujue kosa ni la nani. Kama gemu ina mpangilio wa eneo mfu la analogi (dead zone, kusogea kidogo ambako gemu inakupuuza), upandishe kidogo kidogo hadi kusogea kukome. Ukizidisha, kulenga shabaha kunakuwa kugumu.

Kusafisha pedi ya PS4: skrubu nne za nyuma, fungua polepole kwa kuwa kuna waya mwembamba bapa unaounganisha pande mbili, toa betri, puliza kontakti klina ya mafundi simu kwenye visanduku vya pembeni mwa analogi, zungusha mara ishirini, acha ikauke nusu saa. Spiriti ya dukani ina maji, na mafuta ya kulainishia bawaba yanavuta vumbi. Ikirudia ndani ya wiki, analogi imelika; ibadilishwe.

Mchezaji wa pili na kazi iliyohifadhiwa

Pedi ya pili ikiwashwa, mashine inauliza nani anacheza. Wengi wanabonyeza mgeni. Akaunti ya mgeni ikitoka inafutwa pamoja na kila kilichohifadhiwa. Tengeneza mtumiaji wa kudumu wa pedi ya pili, mpe jina kama Kiti B, na mchezaji aingie humo kila siku.

Umeme ukikatika wakati alama ya kuhifadhi inazunguka, faili linaweza kuharibika. UPS (betri ya akiba ya umeme) ya VA 650 inatosha kuibeba PS5 na TV ndogo kwa dakika chache, muda wa kuhifadhi na kuzima. Usiiache mashine kwenye hali ya kulala usiku kama hakuna UPS. Na iachie nafasi ya sentimita kumi kila upande. Kwenye joto la Machi, mashine iliyobanwa ukutani inapiga kelele kisha inajizima.

Yanayobaki ni ya gemu yenyewe

Ukishapita humo, rudia kipande kile kile, wachezaji wale wale, ukibadilisha kitu kimoja kwa wakati. Chukua mmoja aliyeijua zamani na mmoja mgeni. Wakilalamikia jambo moja wote wawili, liamini. Akilalamika wa zamani peke yake, huenda ni mazoea.

Kwa Gears Reloaded, malalamiko haya ni ya haki. Haina Horde, ile ya kuzuia mawimbi ya maadui. Iliingia na gemu ya pili mwaka 2008, kwa hiyo anayeikumbuka anakumbuka gemu nyingine. Pia ni mara ya tatu hadithi hiyo kuuzwa, baada ya ile ya 2006 na Ultimate Edition ya 2015. Na kitufe kimoja bado kinafanya kazi nyingi: X ya kukimbia ndiyo ya kujibana ukutani, kwa hiyo mtu anakimbia risasi na kujikuta amegandia nguzo. Hilo halina dawa kwenye TV wala kwenye pedi. Afunzwe kuiachia X kabla ya kufika kwenye ukuta.

Ila mwendo wa fremu 60 kwenye hadithi ni faida ya kweli, na hata TV ya HD inauonyesha. Aliyecheza ile ya 2006 kwa fremu 30 ataona tofauti kwenye mapambano na Berserker, lile jitu kipofu linalofuata sauti na harufu. Mmoja anapiga kelele kulivuta lijibamize mlangoni, mwenzie amekaa kimya upande wa pili. Wakishatoka nje, mwenye Hammer of Dawn, silaha inayoita mwale wa setilaiti, analipiga kutoka angani. Punguza redio ya kibandani wakati huo. Wawili wasiposikiana hawapiti.