Kupiga chuma asubuhi au jioni: jinsi ya kuchagua saa yako ukiwa Dar

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: mwili kwa kawaida una nguvu zaidi jioni, kuanzia saa kumi hadi saa moja usiku hivi, ila misuli inajengeka vizuri tu hata ukipiga alfajiri, na kwa hapa Dar ile tofauti ya asubuhi na jioni inapungua kwa sababu ya hili joto letu. Kama una muda kaa, maana mgongo, msosi, kahawa na foleni vinaamua mambo mengi kuliko hiyo saa yenyewe.

Kwanza ujue mwili unafanyaje. Joto la mwili halikai palepale siku nzima, linashuka kabisa kwenye saa kumi au kumi na moja alfajiri ukiwa bado umelala, alafu linapanda taratibu mpaka linafika juu jioni, na tofauti yenyewe ni ndogo, kama nusu nyuzi mpaka nyuzi moja tu. Utasema nyuzi moja kitu gani, lakini misuli yenye joto inajikunja haraka zaidi, mishipa ya fahamu inapeleka taarifa haraka, na viungo vinakuwa vimelegea. Ndo maana benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu) ya kilo 80 ambayo jioni unaipandisha mara sita, alfajiri inaweza kukugomea kwenye ya tano. Vipimo vingi vinaweka tofauti kwenye asilimia 3 mpaka 10 hivi, inategemea mtu na zoezi. Anayeendesha yote haya ni saa iliyopo kwenye ubongo, inajiseti kwa mwanga wa jua, na misuli nayo ina saa zake ndani ya seli. Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa Nobeli ya tiba mwaka 2017 kwa kufichua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi, na walianzia kwa vile vinzi vya kwenye matunda, we fikiria.

Kuna hoja moja inapendwa sana gym, kwamba piga asubuhi maana testosteroni, homoni inayosaidia kujenga misuli, iko juu. Kweli iko juu asubuhi, ila kotisoli, homoni ya msongo, nayo iko juu saa hizohizo, na hiyo panda shuka ya homoni ndani ya siku moja siyo inayoamua kifua kitajaa au hakitajaa. Tusipoteze muda hapo.

Swali la maana ni kama mtu wa asubuhi atabaki nyuma baada ya miezi. Mwaka 2019 ilitoka tathmini iliyokusanya tafiti za watu waliofanya mazoezi ya vyuma kwa saa tofauti, ikaonekana kwamba kujaa kwa misuli ni sawasawa tu, na nguvu inaongezeka pande zote mbili. Kilichovutia zaidi ni hiki, wale waliozoea kupiga asubuhi, ule udhaifu wao wa asubuhi ulipungua, yaani mwili unajifunza saa unayoitumia. Upo utafiti mwingine wa Finland wa wiki 24, watu walichanganya vyuma na mazoezi ya kuongeza stamina, na kwenye nusu ya pili kundi la jioni likaonekana kujaza misuli zaidi kidogo. Mimi nauheshimu ila sihamishi ratiba ya maisha kwa sababu yake.

Sasa tuje Dar. Watafiti waliwahi kupima nguvu za miguu kwa watu wa Guadeloupe, kisiwa cha Karibi chenye joto na unyevu kama wetu, na ile tofauti ya asubuhi na jioni hawakuiona. Maelezo yao ni kwamba hewa yenyewe ishaupasha mwili kabla hujagusa chuma. Hii kwetu ni habari kubwa, maana ushauri mwingi unaosambaa unatoka nchi ambazo mtu anaamka kwenye baridi kali, wakati Dar mwezi wa pili unatoka ndani saa kumi na mbili asubuhi na kuna nyuzi 25 tayari na shati limeshika mgongoni. Kwa hiyo kuanzia Desemba mpaka Machi usijipe sana kisingizio cha asubuhi. Juni mpaka Agosti ndo kuna kaubaridi, usiku unashuka mpaka kwenye nyuzi 18 au 19, hapo ongeza muda wa kupasha.

Ila joto hilohilo linakula upande wa pili. Gym nyingi za mtaani ni bati juu, feni moja, na saa tisa saa kumi jioni kale kachumba kanakuwa hakafai. Seti fupi za mzigo mzito, yaani kunyanyua mara tatu mpaka tano mfululizo alafu unapumzika, zinavumilika, lakini skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) za mara kumi na tano na mapumziko mafupi zitakumaliza mapema, moyo unakwenda mbio kupoza ngozi badala ya kuhudumia miguu. Seti ndefu zisogeze baada ya jua kuzama, au zipige alfajiri.

Jinsi ya kuchagua saa

Anza na foleni, siyo na sayansi. Andika kwenye simu wiki mbili zilizopita ungeweza kufika gym siku ngapi kwa kila saa unayoifikiria, na uwe mkweli. Mtu anakaa Mbezi, kazi Posta, anajipangia kupiga saa kumi na mbili jioni karibu na nyumbani, huyo atafika saa mbili na nusu kachoka, anaishia kunywa maji na kulala. Huyo nampa njia mbili. Ama atafute gym karibu na kazini, atoke ofisini apige tizi kipindi foleni imekaza, apande gari saa moja na nusu watu wamepungua, ama apige alfajiri karibu na kwake kabla ya kutoka. Mazoezi mara nne kwa wiki saa ambayo siyo bora yanamshinda anayepiga saa kumi jioni mara moja tena kwa bahati.

Alafu angalia wewe ni mtu wa aina gani. Wapo wanaoamka wenyewe kabla ya adhana ya alfajiri na akili iko fresh, na wapo ambao saa nne asubuhi bado wanaongea kwa shida, hawa wa pili kilele chao kinachelewa zaidi, usimlazimishe alfajiri kama ana nafasi jioni.

Ukiwa huna uhakika jipime. Chukua zoezi moja, tuseme benchi, mzigo uleule, mapumziko yaleyale ya dakika tatu, umelala vizuri na umekula, hesabu marudio asubuhi, na baada ya siku tatu au nne ufanye tena jioni. Rudia zamu kadhaa kwa kila saa kabla ya kuamua, maana siku moja inadanganya, unaweza kuwa uligombana na bosi. Ukitaka kuchimba zaidi nunua kipimajoto cha kawaida pale famasi, jipime ukiamka, mchana na jioni, utaona joto lako linapanda saa ngapi. Wanawake wazingatie kwamba baada ya yai kutoka joto linapanda kidogo kwa kipindi chote kinachofuata mpaka hedhi, kwa hiyo linganisha siku zinazofanana.

Ukichagua asubuhi

Hapa ndo nataka usome polepole, kwa sababu ya mgongo. Usiku ukiwa umelala, zile disiki, vile vijito laini vya katikati ya pingili za uti wa mgongo, zinanyonya maji na kuvimba, ndo maana asubuhi unakuwa mrefu kwa kama sentimita moja au mbili kuliko jioni. Zikiwa zimejaa vile, kuinama kunazibana vibaya zaidi, na maji mengi yanatoka ndani ya saa la kwanza la kusimama na kutembea. Kwa hiyo kuamka saa kumi na moja na robo, kupanda boda, na saa kumi na moja na nusu umeinamia dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni), hapana. Ipe saa nzima kati ya kitanda na zoezi lolote la kuinama na mzigo. Oga, swali, tembea kwenda gym badala ya boda, ukifika anza na kifua, mabega, kujivuta kwenye bomba, alafu dedi na skwati zije mwisho. Kama muda haukuruhusu basi dedi ihamishie Jumamosi jioni.

Kupasha kwenyewe kusiwe kwa kutingisha mikono mara mbili. Dakika kumi mpaka kumi na tano, kamba au baiskeli mpaka jasho lianze, alafu chuma chenyewe bila pleti, kisha nusu ya mzigo, kisha robo tatu, ndo uende mzigo wa kazi. Kupasha vizuri kunarudisha sehemu kubwa ya ile nguvu ya jioni, maana tatizo kubwa lilikuwa mwili kukosa joto.

Msosi, usiku hujala masaa saba nane, ila supu na chapati mbili kabla ya skwati utakuja kuzijutia. Ndizi mbivu moja au mbili na maji nusu lita inatosha, supu iache kwa baada. Kahawa nayo inafanya kazi kweli, utafiti mmoja wa Hispania uliwapa wanyanyuaji kafeini miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wao asubuhi, wakafika karibu na viwango vyao vya jioni. Mtu wa kilo 70 hiyo ni miligramu 210, kama vikombe viwili vitatu vikubwa vya kahawa, vinywe dakika 45 hivi kabla. Wenye presha hiyo kahawa waiache mpaka waongee na daktari, na wajue kwamba presha inapanda yenyewe mtu akiamka, kwa hiyo alfajiri wapashe taratibu zaidi na wasibane pumzi kwenye mzigo mzito.

Na lala mapema. Alfajiri ya mtu aliyekesha na mpira mpaka saa saba usiku siyo mazoezi ni adhabu.

Ukichagua jioni

Huku mwili uko tayari wenyewe, shida ni tumbo na usingizi. Ukila ugali au wali saa saba mchana, saa kumi na moja tumbo limetulia, ongeza kitu kidogo saa kumi, muhogo wa kuchemsha, ndizi, karanga chache. Chipsi mayai nusu saa kabla ya miguu usijaribu.

Kahawa ya jioni ndo mtego. Kafeini inachukua kama masaa matano kupungua nusu, na ipo tafiti ambayo miligramu 400 zilizonywewa masaa sita kabla ya kulala zilikata usingizi kwa zaidi ya saa zima. Kopo moja la kinywaji cha kuongeza nguvu la mililita 250 huwa lina miligramu 80, na wengine wanapiga mawili saa kumi na mbili jioni alafu usiku wanashangaa dari. Kama unalala saa nne, mwisho wako ni saa tisa mchana. Mazoezi yenyewe ya jioni hayaharibu usingizi kwa watu wengi, labda ukimaliza mzito chini ya saa moja kabla ya kulala, kwa hiyo acha nafasi, oga, kula, ndo ukalale.

Ramadhani, ratiba inapinduka

Ukiwa umefunga kuna madirisha mawili. La kwanza ni dakika 45 hivi kabla ya futari, joto la mwili liko juu lakini huna maji, kwa hiyo mzigo wa kati, seti chache, ukimaliza tende na maji viko palepale. La pili ni baada ya tarawehe, umekula na kunywa, hapo ndo weka mzito, ila futari iwe ya kiasi, siyo sambusa kumi na uji wa pilipili manga juu yake. Alfajiri baada ya daku sikushauri kabisa, maana una siku nzima ya jua bila tone la maji.

Wa zamu za usiku, walinzi, manesi, watu wa bandarini: usipitie gym ukitoka zamu, hata kama uko macho ni uongo wa mwili. Nenda kalale kwanza, ziba dirisha giza liwepo, piga masaa mawili matatu baada ya kuamka kabla hujaingia zamu tena. Siku umelala chini ya masaa manne punguza mzigo na kata seti nusu.

Na mwenye mashindano aangalie yanaanza saa ngapi. Kama ni saa tatu asubuhi na wewe ni mtu wa jioni, wiki nne tano kabla anza kuhamishia mazoezi yako mazito saa tatu asubuhi, angalau mara mbili kwa wiki, na chakula kiendane na hiyo ratiba mpya.