Jinsi ya kuitambua seli zuizi ya hipokampasi bila kupotea kwenye majina

Wanafunzi wengi wakianza kusoma seli zuizi za hipokampasi (seli za neva zinazozituliza nyingine, kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) wanarukia protini, hii ina parvalbumini, ile ina somatostatini, wanakariri vile vifupisho vya PV (parvalbumini), SOM (somatostatini), CCK (kolesistokinini), NPY (nyuropeptidi Y), alafu wanakutana na seli yenye PV na SOM kwa pamoja, wanabaki wanashangaa. Na seli za hivyo zipo nyingi tu. Kwaiyo mi naelekeza kinyume: kwanza angalia aksoni, ule uzi wa seli unaopeleka habari nje, inaenda wapi na inamgusa nani, protini ije baadae kuthibitisha.

Tubaki CA1 peke yake, eneo mojawapo la hipokampasi, tena CA1 ya panya, mana ndo iliyochimbwa sana. Kwa panya wa maabara, katika kila seli 100 za neva za CA1 kama 11 hivi ndo zuizi, yaani zinatoa GABA, kemikali ya kutuliza, zilizobaki ni za piramidi, zile kuu zinazosisimua nyingine. Hizo 11 ndo zenye kelele zote za uainishaji.

Kabla ya yote chora seli moja ya piramidi kwenye karatasi, iweke na matabaka yake. Juu kabisa oriensi, hapo kuna dendraiti (matawi yanayopokea habari) za kitako cha seli. Linafuata tabaka la piramidi lenye miili ya seli, alafu radiatamu ambako zinaingia habari kutoka CA3, eneo jirani la hipokampasi, mwisho lakunosamu-molekulare ambako ncha za dendraiti zinapokea kutoka gamba la entorhina, eneo la ubongo lililo jirani na hipokampasi. Mchoro huo uwe mezani muda wote, kila seli zuizi utakayoisoma jiulize inaishika piramidi sehemu gani.

Sasa fuata aksoni. Usidanganywe na mahali mwili wa seli ulipokaa, mfano mzuri ni O-LM (kifupi cha oriensi na lakunosamu-molekulare): mwili uko oriensi ila aksoni inavuka matabaka yote mpaka lakunosamu-molekulare, inabana mlango wa habari za entorhina. Jirani yake hapohapo oriensi anaweza kuwa seli ya aina nyingine kabisa. Aksoni ikizunguka miili ya piramidi hiyo ni seli ya kapu. Ikipanga vituo vyake (sehemu inapotolea GABA) kwenye mwanzo wa aksoni ya piramidi, pale msukumo wa umeme unapoanzia, hiyo ni akso-aksoni, na hapa angalia sana, kwa hadubini ya kawaida inafanana na kapu, mpaka upake rangi ya ankirini-G inayoonyesha huo mwanzo wa aksoni au utumie hadubini ya elektroni. Ikitapakaa oriensi na radiatamu, ikalipita lakunosamu-molekulare bila kuligusa, fikiria baistratifaidi. Ikiwa kichaka kizito cha nyuzi nyembamba kilichojazana sehemu moja, ni ivi au nyurogliafomu, ya kwanza kichaka chake kiko oriensi na radiatamu, ya pili kiko lakunosamu-molekulare.

Kuna mtego mmoja. Seli zenye VIP au kalretinini (alama nyingine kama PV), baadhi yake aksoni inaelekea oriensi ukadhani inaenda kushika dendraiti za piramidi, kumbe inawatafuta zuizi wenzake, hasa O-LM. Ikiwaka hiyo, O-LM inanyamaza na piramidi inapumua. Ndo mana nikasema inamgusa nani, sio tu inafika wapi.

Ukishamaliza hapo ndo uende kwenye kingamwili za kupaka, zinazoonyesha seli ina protini gani. PV peke yake haikwambii kitu cha mwisho, inaweza kuwa kapu, akso-aksoni, baistratifaidi, hata baadhi ya O-LM. Ila ukishajua ni kapu, PV dhidi ya CCK inakuwa na maana kubwa mno. Kapu la PV linapiga misukumo kwa kasi bila kuchoka na linatoa GABA kwa wakati uleule. Kapu la CCK linapunguza kasi ukilisukuma kwa muda, na vituo vyake vina vipokezi vya CB1 kwa wingi, vilevile ambavyo kemikali ya bangi inaving'ang'ania, vikishikwa GABA inapungua. Kapu la PV halina hiyo CB1. Kwaiyo breki mbili mahali pamoja, moja bangi inaigusa na nyingine haiigusi, mi naona huu ndo mfano bora wa kwa nini utofauti huu sio urembo wa kwenye karatasi.

Kama una rekodi za umeme wa ubongo wa mnyama hai, ongeza kipimo cha wakati. Mwaka 2003 kundi lililokuwa na Thomas Klausberger, Peter Somogyi na György Buzsáki lilionyesha kwa panya waliolazwa kwa dawa ya usingizi kwamba kapu la PV, akso-aksoni na O-LM kila moja ina zamu yake ndani ya wimbi la theta, ule mdundo wa umeme wa polepole wa hipokampasi. Kwenye vile vishindo vifupi vya mawimbi ya kasi viitwavyo ripo, kapu linaongeza kasi, O-LM inanyamaza. Ila usiibebe hiyo kama sheria, kwa wanyama walio macho imeonekana O-LM zinazopiga wakati wa ripo.

Usilazimishe jina. Mwaka 2008 Klausberger na Somogyi walihesabu aina zisizopungua 21 CA1, mwaka 2018 uchambuzi wa jeni za seli 3,663 ukatoa makundi madogo 49, na mengine yanaingiliana bila mpaka kamili. Alafu ukikata kipande cha ubongo cha maikromita 300 aksoni nyingi zinakatwa njiani, seli ya hivyo andika tu ulichokiona, tabaka gani, protini gani, inapiga vipi, jina liache wazi.

Huna maabara? Hippocampome.org ni bure, imepanga aina za seli kwa kufuata matabaka ya aksoni na dendraiti, na NeuroMorpho.Org ina maumbo ya seli halisi ya kupakua. Mwenzio akuchagulie kama kumi hivi za CA1, afute majina, uzitaje kwa aksoni tu. O-LM utaipata haraka, kapu na akso-aksoni zitakutoa jasho.