Umeuza ploti Kenya? Hivi ndivyo unapiga hesabu ya ushuru wa faida (CGT) na kuilipa bila kulia

Shangazi yangu alinipigia simu usiku, sauti imekauka, ati ameambiwa na broka kwamba serikali inachukua asilimia 15 ya bei ya ploti yake ya Kitengela. Ploti ilikuwa inaenda 4,800,000, kwa hivyo alishapiga hesabu akapata 720,000 na alikuwa anataka kurudisha deposit ya watu. Nikamwambia shangazi tulia kwanza, hiyo asilimia 15 ni ya faida, si ya bei. Kumbe ni watu wengi wanachanganya hapo, ndio nikaona niandike yote tuliyofanya.

Huu ushuru wa faida ya mali, Capital Gains Tax, wengi tunauita tu CGT. Si kitu kipya, ulikuwepo zamani ukasimamishwa 1985, ukarudi Januari 2015 kwa asilimia 5, halafu kuanzia 1 Januari 2023 ukapanda hadi 15. Anayelipa ni muuzaji. Mnunuzi ana wake, ule wa stempu (stamp duty), ambao ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na hiyo msiwahi kukubali mtu awachanganyie kwenye hesabu moja, manake kuna mabroka wanatumia hizo mbili kuwazungusha pande zote.

Kabla hata hujafungua kompyuta jiulize kama unadaiwa kweli. Kama ni nyumba yako mwenyewe na umeishi ndani mfululizo miaka mitatu hadi siku ya kuuza, hulipi. Kama ni ardhi ya mtu binafsi na bei haizidi milioni 3, hulipi. Shamba la kilimo chini ya ekari 50 nalo linasamehewa, lakini liwe nje ya manispaa au mji uliotangazwa, na hapa chunga sana kwa sababu siku hizi miji mingi midogo imepandishwa ikawa manispaa, shamba la babu ulilozoea kuliita reserve unaweza kupata liko ndani ya mpaka. Mali ya marehemu inayohamishwa kwa ajili ya kugawa urithi pia imesamehewa ikiwa mambo yamekamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo, ama muda ulioongezwa na KRA, yaani mamlaka ya ushuru, kwa hivyo zile familia zinazokaa miaka kumi zikibishana nani apewe upande wa barabara, mnaweza kujikuta na ushuru pia. Mume kumpa mke au mke kumpa mume, hakuna CGT. Hisa za kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Nairobi, NSE, hazimo, ila za kampuni ya binafsi isiyo sokoni zimo. Na ukisema umesamehewa uwe na ushahidi, bili za stima na maji kwa jina lako, chochote cha kuonyesha uliishi hapo.

Jambo lingine, kama kazi yako ni kununua shamba unakata vipande unauzia watu, hiyo kwako ni biashara. Faida yako inatozwa kama mapato ya kawaida na si kwa asilimia 15, kwa hivyo usijifiche hapa.

Sasa hesabu, na hapa ndipo pesa iko. Chukua bei uliyouzia, toa gharama za kuuza (ajenti, wakili, tangazo, valuesheni). Halafu toa ulichotumia kupata hiyo mali, yaani bei ya kununua pamoja na stempu na wakili wa wakati ule, na ulichoongeza juu yake, kama ukuta, nyumba, kisima, na hata pesa ya kesi kama ulipelekwa kortini kutetea hati yako. Kinachobaki ndio faida, na hiyo faida ndio unakata asilimia 15.

Ya shangazi ilienda hivi. Alinunua 2012 kwa 1,200,000, stempu na wakili 90,000, akajenga ukuta na kuchimba kisima, vifaa vyenye risiti vikafika 710,000. Jumla milioni 2 kamili. Upande wa kuuza, 4,800,000 ukitoa ajenti 140,000 na wakili 60,000 inabaki 4,600,000. Faida 2,600,000, CGT 390,000. Kutoka 720,000 za broka mpaka 390,000, alinyamaza kidogo kwa simu nikadhani laini imekatika.

Lakini ona sasa, zile risiti za 710,000 zilikuwa kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda, katikati ya uzi na sindano. Kama zingekuwa zimepotea angelipa 496,500, yaani zaidi ya laki moja juu kwa sababu ya karatasi tu. Na bado kuna pesa ilitupotea, fundi na vijana wake walikuwa wanalipwa keshi kila Jumamosi, hakuna aliyesaini popote, hiyo hatukuiweka kwa sababu hatungeweza kuionyesha. Kwa hivyo wewe unayejenga saa hii, lipa fundi kwa M-Pesa, ama mwandikie kijikaratasi aweke sahihi na namba ya kitambulisho. Pia ujue hakuna punguzo la bei kupanda, milioni 1.2 ya 2012 inahesabiwa milioni 1.2 leo, hata kama unga umepanda mara ngapi. Inauma lakini ndivyo ilivyo.

Kuna wale watakwambia mwandike bei ndogo kwenye agrimenti, weka 2,900,000 ile nyingine ipite chini ya meza. Achana nao. Valua wa serikali ataiangalia hiyo ploti kwa ajili ya stempu, na KRA wanaweza kutumia bei ya soko wakiona yenu haieleweki. Na mnunuzi anayekubali hiyo michezo anajichimbia, kwa sababu siku yake ya kuuza ikifika, bei yake ya kununua kwenye karatasi ni ile ndogo, faida yake inaonekana kubwa, analipa na ushuru wako uliokwepa.

Muda. Tangu Julai 2023 CGT inatakiwa kulipwa kwa lile litakalotangulia, siku umepokea bei yote ama siku mali imesajiliwa kwa jina la mnunuzi. Usingoje hiyo siku ya mwisho. Ukichelewa kuna faini ya asilimia 5 ya ushuru na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Kulipa kwenyewe si ngumu. Kuwa na PIN yako ya KRA, PIN ya mnunuzi, namba ya hati, agrimenti na risiti zako zikiwa zimeskaniwa. Loga kwa iTax, ule mtandao wa KRA, nenda Payments halafu Payment Registration, chagua Income Tax, chini yake Capital Gains Tax, aina ya malipo Self Assessment Tax. Itakuuliza habari za mali, za mnunuzi, bei na gharama, jaza pole pole, sifuri moja ikizidi utajua hujui. Mwisho inakupa karatasi yenye namba ya malipo, ile PRN. Hiyo ndio unaenda nayo benki ama unalipa kwa M-Pesa, ila M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mpigo mmoja, ndio maana sisi tulienda benki tu. Ukishalipa mtumie wakili risiti aiweke pamoja na karatasi za kuhamisha.

Walio ng'ambo, kuishi Doha au Texas hakukuondolei huu ushuru, ardhi iko Kenya basi unatozwa Kenya, asilimia ile ile. Mnaweza kumpa mtu nguvu ya kisheria awauzie lakini CGT inalipwa kwa PIN yako wewe mwenye mali. Kwa hivyo kama PIN ilikwama ama paswadi ulishasahau, anza na hiyo wiki kadhaa kabla, usianze siku mnunuzi ameshatuma pesa.

Shangazi alilipa Ijumaa. Mkebe bado upo, ila uzi na sindano vimehamishwa.