SOMO: Umerudisha faili kutoka kwenye bakapu, halafu "Permission denied"

Nimechoka kunakili jibu lile lile. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Ni kwa seva za Linux na rsync (programu ya kunakili faili).

1. Ingia kama root (msimamizi mkuu wa mashine).

2. Rudisha kwenye folda tupu kwanza, hapa tuiite /srv/rejesho: rsync -aAX --numeric-ids (namba za wenyewe zibaki zilivyo). Bila A, ruhusa za ACL (za ziada kwa mtu au kikundi mahususi) hazirudi.

3. Tazama namba za wenye faili: ls -ln.

4. Kazi iko hapa. Diski haimjui Wanjiku, inajua namba yake. Tuseme ni ofisi ya mawakili Upper Hill: seva ya zamani Wanjiku alikuwa 1001, Otieno 1002. Seva mpya akasajiliwa Otieno kwanza, namba zikapishana. Faili za mishahara za Wanjiku sasa ni za Otieno, na hutaona ujumbe wowote wa kosa. Ukikurupuka kugeuza 1001 kuwa 1002, zote zimechanganyika na hutajua tena ipi ya nani. Pitia namba ya muda isiyo na mtu (chown hubadilisha mwenye faili):

chown -hR --from=1001 50001 /srv/rejesho
chown -hR --from=1002 1001 /srv/rejesho
chown -hR --from=50001 1002 /srv/rejesho

Mara moja tu! Ukirudia yote matatu, umewapishanisha upya. Vikundi vina namba zake: --from=:1001 :50001, na kuendelea.

5. Jaribu kama mtumiaji mwenyewe, sudo -u wanjiku. Root anafungua kila kitu, kwa hiyo hujapima chochote.

MASWALI

Kijana_wa_Kayole: Nimepiga chmod -R 777 zikafunguka zote. Mbona watuzungusha?

Jibu: Zimefunguka kwa kila mtu, mishahara ikiwemo. Soma hatua ya 4.

Kijana_wa_Kayole: Nimesoma.

Jibu: Basi weka hapa ls -ln tuone.

Mama_Seva: Samahani mwalimu, mimi ni root lakini nanyimwa kusoma bakapu iliyounganishwa kwa NFS (folda ya seva nyingine kupitia mtandao). Inakuwaje?

Jibu: Swali zuri, dada. Wewe ni root kwenye mashine yako tu. NFS kwa kawaida ina root_squash: root wa mbali anageuzwa nobody (mtumiaji asiye na mamlaka), na faili yenye 600 (mwenyewe tu ndiye anayeisoma) haimtambui. Endesha rsync ukiwa kwenye seva ya bakapu yenyewe, uzisukume faili kwa SSH (njia salama ya mtandao). Ikishindikana, weka no_root_squash (kuzima ugeuzaji huo) kwa IP ya mashine hiyo moja ndani ya /etc/exports, kisha exportfs -ra. Ukimaliza, iondoe siku hiyo hiyo.

Mama_Seva: SSH imekubali, asante. Na faili zinazoonyesha namba tupu bila jina?

Jibu: Mwenyewe hayupo kwenye seva mpya. find /srv/rejesho -nouser itakutolea zote.

Fundi_Luthuli: Nyongeza: bakapu iwe na nakala ya /etc/passwd na /etc/group, ndiyo ramani ya namba. Na UPS jamani! Stima ikipotea katikati ya chown?

Jibu: Rudia mstari ule ule uliokatika, hauna madhara. Usianze juu.

Kijana_wa_Kayole: ls -ln inaonyesha 1001 kote.

Jibu: Sasa tunaongea. 1001 alikuwa nani kwenye seva ya zamani?