Kuchagua na kufunga kilinda umeme cha kudumu kwenye gari-nyumba

Wanaosafiri Marekani kwa gari-nyumba na kuchukua umeme kwenye viwanja vya kambi huanza kuchagua kilinda umeme kwa kulinganisha juli (kipimo cha nishati) zake, ingawa juli hueleza tu uwezo wa kifaa kuhimili mipigo ya ghafla kama ile ya radi. Hatari nyingine ni volti kushuka kwa saa nyingi siku za joto, kila gari linapowasha kiyoyozi, na mbaya zaidi ni nyutro (waya wa kurudishia umeme) iliyokatika: kwenye huduma ya ampia 50, yenye laivu (nyaya zinazoleta umeme) mbili, hitilafu hiyo inaweza kupeleka volti zinazokaribia 240 kwenye vifaa vilivyotengenezwa kwa 120. Kwa hiyo chagua kifaa kinachokata umeme chenyewe volti zinaposhuka chini ya takriban 104 au kuzidi 132, na kinachosubiri kidogo kabla ya kuurudisha, ili kompresa ya kiyoyozi isiumie. Ampia zake, 30 au 50, zilingane na za gari.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa waya wa nje, zima jenereta na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa kambini), kisha uhakikishe kwa mita kwamba hakuna umeme. Kilinda umeme kikifungwa kabla ya swichi ya kubadilisha chanzo, yaani ile inayochagua kati ya umeme wa kambini na wa jenereta, kitachunguza umeme wa kambini pekee; kikifungwa baada yake, kitachunguza hata ule wa jenereta, mpangilio ambao naupendelea pale mtengenezaji anapouruhusu. Skrubu za nyaya zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye maelekezo, si kwa kukisia, kwa sababu kiungo kilicholegea hupata joto hadi kuyeyusha plastiki.